Mteremko Tuliowafungulia Kondoo

Juu ya Lubero, mashariki mwa Kongo, mahali ambapo ukungu hukaa mpaka jua lipande vizuri, sisi tulikuwa na miteremko miwili ya nyasi. Ule wa juu ulipakana na barabara ya magari. Ule wa chini ulishuka mpaka kwenye kijito, na ng'ambo ya kijito kulikuwa na kilima cha baba mdogo, ndugu wa baba yangu. Baba alikufa kwa ugonjwa wa mapafu kabla vita havijafika kwetu. Tulimzika katikati ya mteremko wa chini, maana mwenyewe ndivyo alivyotaka, na mama akalizungushia kaburi uzio wa miti na matete ili wanyama wasilikanyage. Dada zangu walikwisha kuolewa. Nyumbani tukabaki mama, mimi binti wa mwisho niliyekuwa bado nasoma sekondari kwa misioni, na kondoo.

Watu wa kwetu hufuga mbuzi zaidi. Mbuzi ndiye anayetolewa mahari, ndiye anayepatanisha waliogombana. Kondoo hasifiwi. Lakini baba aliwapenda kwa sababu wanavumilia baridi na hawana kelele, na mama alirithi wanyama pamoja na namna ya kuwachunga.

Namna hiyo nilifundishwa tangu mtoto, na bado ninaijua kuliko nilivyojua somo lolote la shule. Ng'ombe huzungusha ulimi na kung'oa majani marefu. Mbuzi huchagua, anang'ata hapa, anaonja pale, na akiona kichaka anasahau nyasi. Kondoo ana mdomo mwembamba, na meno yake ya chini yanafika mpaka kwenye udongo. Tena ana tabia ya kurudi. Pale alipokula juzi patachipua majani laini, na yeye atazipita nyasi ndefu za jirani ili akaling'ate lile chipukizi, mara ya pili, mara ya tatu, mpaka shina lichoke na mizizi ife. Mama alikuwa akisema kwamba kondoo hali majani ya leo, anakula ya kesho.

Mvua ikiwa nyingi hilo si neno. Ukiwapitisha kondoo upesi na kuwahamisha, zile nyasi zetu fupi zinazotambaa zinapata hata faida: zinachipua pembeni, zinafungana kama mkeka. Hatari iko mwisho wa mvua. Kwetu mvua huanza kurudi nyuma mwezi wa kumi na mbili. Baridi ya asubuhi inazidi, nyasi zinapunguza mwendo, na zile utakazozikuta fupi siku hizo zitabaki fupi mpaka mwezi wa tatu. Kwa hiyo kila mwaka, mvua ikiwa bado na nguvu, mama aliufunga mteremko wa chini. Hakuna kondoo aliyekanyaga huko. Nyasi zilipanda zikafika magotini, zikaingia katika jua la Januari zikiwa zimevaa majani yao, na chini yake udongo ukabaki na unyevu. Milima mingine ilipogeuka rangi ya kahawia, sisi ndipo tulipofungua, kipande kwa kipande, na kondoo wetu walizaa wakati huo wakiwa na maziwa.

Baba mdogo alifanya vilevile ng'ambo ya kijito. Yeye na baba walifundishwa na baba mmoja. Alikuwa mzee wa kanisa, mtu mrefu mwenye sauti nzuri, na kila aliposimama kuomba, wamama walifumba macho kabla hajaanza.

Vita tulikuwa tumevizoea kwa kadiri mtu anavyoweza kuvizoea. Kwa miaka ile tulibadilishiwa wakubwa mara nyingi: hawa wamekuja kutukomboa, wale wamekuja kutukomboa kutoka kwa hawa. Walipita barabarani, wakachukua kuku, wakabebesha watu mizigo, wakaendelea na njia yao. Mwaka ninaousimulia walikuja wengine, na hawakupita. Mapigano yalikuwa kusini, na mkubwa wao alitaka mahali pa kuiona barabara yote. Mahali hapo palikuwa mteremko wetu wa juu.

Walichimba mashimo, wakatandaza mahema ya plastiki, wakakata miti ya mpakani kuwa kuni. Siku ya kwanza walimchukua kondoo mmoja, wakasema ni wa kumkaribisha mkubwa. Baadaye hawakusema tena ni wa nini. Walipomchukua jike mwenye doa la kahawia usoni na sikio lililopasuka, ambaye baba alimlea kwa mikono yake baada ya kondoo aliyemzaa kufa, mama alikwenda kusimama mbele ya hema. Askari kijana, umri wake kama wangu, alimtazama bila hasira yoyote. "Mama, zonga na ndako," akasema kwa Kilingala. Rudi nyumbani. Mama akarudi.

Kondoo waliobaki tuliwachunga pembeni mwa njia na katika mashamba ya maharagi yaliyokwisha kuvunwa. Mimi niliacha shule, maana misioni ilikuwa imefungwa na walimu wamekimbilia Butembo, na asubuhi nilikwenda mbali kukata majani na kuyabeba kichwani. Ilikuwa kazi ya kuvunja shingo. Hapo chini mteremko wetu ulikuwa kijani kabisa, umefungwa, na kila nilipopita na mzigo wangu nilimwuliza mama kwa nini tusiingize kondoo hata siku moja tu. Alinijibu kwamba mvua inamalizika, na siku moja ya sasa tutailipa mwezi mzima mbele.

Halafu watu wa kusini wakaanza kufika. Walitembea wakiwa na magodoro, sufuria, wazee migongoni, na wengine walikuja na wanyama wao, mbuzi na kondoo waliokonda, kwato zimepasuka kwa mawe ya barabara. Walilala shuleni na chini ya ukuta wa kanisa. Wanyama walikula ua wa kanisa, halafu maua ya kaburi la mchungaji wa zamani, halafu wakaanza kuingia mashambani, na magomvi yakaanza.

Jumapili iliyofuata baba mdogo alisimama mbele yetu. Sikumbuki alisoma mstari gani. Nakumbuka alisema kwamba mwenye nyasi na akazifunga mbele ya ndugu mwenye njaa, huyo ameufunga mkono wa Mungu mwenyewe. Hakutaja mtu. Haikuwa lazima, kwa sababu katika kijiji chetu chote miteremko iliyofungwa ilikuwa miwili tu, wake na wetu. Mtu mmoja wa nyuma aliuliza kwa adabu kuhusu kilima chake yeye. Baba mdogo akajibu kwa huzuni kwamba kilima chake wakubwa wa jeshi wamekwisha kukitia alama, hana tena neno juu yake. Watu wakaguna kwa kumhurumia. Kisha shingo zote zikageuka upande wa benchi letu.

Mama alikuwa ameinamisha kichwa. Baada ya ibada baba mdogo alimfuata mlangoni, akamshika mkono kwa mikono miwili kama mtu anayetoa pole ya msiba.

"Shemeji," akasema kwa Kiswahili cha kwetu, "hawa batu babaki na kondoo zao ndani ya barabara, banakufa. Weye uko na majani. Mungu atarudisha."

"Majani hairudi kama feza," mama akajibu. "Kama kondoo inakula ile ya sasa, jua itakula mizizi. Unajua. Ni baba yenu alitufundisha wote."

"Najua. Lakini utafanya namna gani? Utakatalia batu?"

Mama hakuweza kuwakatalia watu. Hilo baba mdogo alilijua kabla hajasimama mimbarani.

Kesho yake tulitoa miti ya mlango. Wa kwanza kuingia alikuwa bibi mmoja aliyejifunga kikwembe cha bluu, na mkwe wake aliyekuwa na mtoto mgongoni. Walikuwa na kundi dogo la kondoo, hilo tu waliloweza kuokoa. Bibi huyo alisimama kwenye mlango bila kuingia. Alitazama nyasi, akainama, akazipanua kwa vidole mpaka akaona udongo, kama mtu anayetafuta chawa katika nywele za mtoto. Naye alikuwa mtu wa kondoo. Alimwambia mama kwamba hizi ni nyasi za kiangazi, na kwamba wakiingia watatumaliza. Mama akamwambia aingie tu, baridi ni nyingi hapo nje. Nilikuwa karibu na niliyasikia yote mawili, onyo na jibu lake, na mpaka leo sijui ni lipi lililonikasirisha zaidi.

Waliingia. Nyuma yake waliingia wengine ambao hawakuinama kutazama chochote.

Wiki za kwanza mteremko haukuonyesha kitu. Nyasi zilikuwa nyingi, wanyama wakajaza matumbo, watu wakacheka kidogo. Mvua mbili tatu za mwisho zilinyesha, machipukizi yakatoka pale palipoliwa, na mimi nikaanza kufikiri kwamba mama alikuwa na woga wa bure. Lakini kondoo walifanya kazi yao. Waliziacha nyasi ndefu zilizokwisha kuwa ngumu, wakayarudia yale machipukizi. Katikati ya nyasi kukatokea vipande vifupi kama kichwa kilichonyolewa vibaya. Vipande vikakutana. Mwanzo wa Januari mvua ikakata, na hakuna jani lililoota tena. Kondoo walikula ngumu pia. Wakala mashina yanayotambaa, wakiyavuta kwa kichwa mpaka yakatoka na mizizi. Kwato zao zikatwanga udongo ukawa vumbi, na upepo wa mchana ukalipandisha vumbi hilo mpaka ndani ya sufuria yetu ya maharagi.

Mama alijaribu kugawa. Aliwaomba watu waache robo moja upande wa kijito ipumzike, akaweka kamba ya migomba. Walikubali wote kwa mdomo. Asubuhi tulikuta kamba imeliwa. Bibi wa kikwembe cha bluu peke yake aliwafunga kondoo wake kwa kamba fupi upande wa juu, akawa anawakatia majani ya vichaka mbali na hapo, ingawa miguu yake ilikuwa imevimba. Mama akawa anakaa naye mchana, wanachambua maharagi pamoja wakizungumza habari za ugonjwa wa kwato na za kondoo dume wabaya. Wakati mwingine walicheka. Mimi sikukaa nao.

Kondoo wetu walikuwa wamekonda kuliko wa wageni, kwa sababu mama aliona aibu kuwatanguliza. Majike watatu tu walikuwa na mimba. Mmoja alianguka kwenye njia na hakuamka. Ndipo mama akaamua kuvuka kijito kwenda kumwomba baba mdogo ruhusa ya kukata majani ya ukingoni, kwa mkono, mzigo mmoja tu kwa siku. Nilikwenda naye.

Ukipanda ng'ambo, kuna mahali ambapo kilima cha baba mdogo kinaonekana chote kwa mara moja. Kilikuwa kama tulivyokiacha sisi mteremko wetu kabla ya kuufungua. Nyasi mpaka magotini, nzito, zinainama kwa upepo na kunyanyuka. Ndani yake kulikuwa na kondoo wasiozidi kiasi cha mahali, wamegawiwa vizuri, kipande kimoja kinaliwa na vingine vinapumzika, sawasawa na desturi ya babu. Mtumishi wa baba mdogo alikuwa amekaa juu ya jiwe na fimbo yake. Na katikati ya kundi, akitafuna taratibu, alikuwepo jike mwenye doa la kahawia na sikio lililopasuka. Alikuwa amenenepa. Pembeni yake kulikuwa na mwana-kondoo aliyezaliwa karibuni.

Mama alimwita kwa ule mlio wa ulimi ambao baba aliutumia, na kondoo akainua kichwa, akaja mpaka kwenye uzio.

Baba mdogo alitoka nyumbani akatukuta hapo. Sidhani alitegemea kutuona. Alituamkia vizuri, akauliza habari za wageni, akamsifu mama kwa moyo wake. Mama alikuwa ameweka mkono juu ya kichwa cha kondoo.

"Hii ni kondoo ya kaka yako," akasema.

Baba mdogo alimtazama kondoo kama ndiyo mara ya kwanza anamwona. "Shemeji," akasema, "hapa hapana kondoo yako. Hapa kuko kondoo ya bakubwa. Mimi ninachunga tu."

Ndipo nilipoelewa. Wale wanyama waliochukuliwa kijijini, mmoja mmoja, kwa bunduki, hawakuliwa wote. Walio wazuri walivushwa kijito. Mkubwa wa jeshi alikuwa anawanenepesha ili awapeleke sokoni Butembo, na alihitaji mtu anayejua nyasi. Baba mdogo alikuwa anajua. Kwa kazi hiyo kilima chake kilibaki kimefungwa, wanyama wake hawakuguswa, na hema halikupigwa kwake. Na ili wakimbizi wasije wakauliza habari za kilima hicho, ilibidi kuwe na kingine cha kuwaonyesha.

Mama hakupiga kelele. Aliuliza kama anaweza kukata majani ya ukingoni. Baba mdogo akasema itabidi aulize. Hakuuliza, au aliuliza na hakupewa jibu, hatukuletewa neno.

Tuliporudi upande wetu jua lilikuwa linapiga mteremko, na nilikiona kwa macho mapya kitu nilichokuwa nikikipita kila siku. Mlima wote ulikuwa udongo na vumbi, lakini katikati, ndani ya uzio wa matete, palikuwa na mraba wa nyasi ndefu zilizosimama. Kondoo walikuwa wamezunguka uzio, wametia midomo kati ya miti kadiri shingo zinavyofika, na kuzunguka nje kote wamelamba udongo ukawa mweupe. Ndani hakuna aliyefika. Ni nyasi zile zile, mvua ile ile. Tofauti ni meno tu.

Mama aliutazama mraba huo siku hiyo, na kesho yake. Siku iliyofuata alichukua mundu, akafungua uzio, akaingia, akapiga magoti juu ya kaburi la mume wake na kuanza kukata. Alikata juu juu, akiacha kisigino cha nyasi ili kiweze kuota tena. Alinipa mafungu nikawapelekea wale majike wawili, nikasimama hapo wapate kula bila kunyang'anywa. Hakulia. Nilimsikia akizungumza huko ndani kwa Kinande, lugha ya kwetu, sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayemweleza mwenzake kwa nini amechukua jembe lake bila kumwambia. Bibi wa kikwembe cha bluu alisimama mbali, mgongo ametugeuzia, akazuia watoto wasije kuchungulia.

Habari ilivuka kijito kabla ya jioni. Mjane anawalisha wanyama kwa nyasi za marehemu. Walioingiza kondoo wao kwetu ndio waliosema kwa sauti zaidi. Nadhani iliwapunguzia mzigo kumwona mama ana kosa. Wazee wa kanisa walimwita. Nilimsindikiza nikakaa kwenye benchi la nyuma. Waliketi mezani, baba mdogo katikati, maana ndiye ndugu wa marehemu na ndiye aliyeumizwa zaidi, hivyo walisema. Aliongea muda mrefu juu ya heshima ya wafu, juu ya mila na juu ya Injili, na kila mara alipofika kwenye neno "kaka yangu" sauti yake ilivunjika vizuri. Mzee mmoja alimwuliza mama kama ana la kusema.

Mama alisimama. Sijawahi kumwona amesimama vile kabla ya siku hiyo wala baadaye.

"Bwana yangu alilisha hizi kondoo wakati alikuwa muzima," akasema. "Na leo anazilisha. Ni yeye peke yake mwenye alinipa majani. Ninyi hamukunipa kitu."

Kisha akamtazama baba mdogo peke yake. "Ile kondoo yake yenye iko kwako, iko na maziwa?"

Wazee wengine walijua; hilo niliweza kuliona kwa jinsi walivyoanza kupanga vitabu vya nyimbo mbele yao. Hakuna aliyemwuliza baba mdogo swali. Walimwondoa mama kwenye Meza ya Bwana mpaka Pasaka, na mzee mmoja akafunga kwa sala.

Wale majike wawili walizaa. Mmoja alipata mtoto mfu. Mwingine alipata mapacha akawanyonyesha wote wawili kwa maziwa ya zile nyasi, na kwa siku chache nyumba yetu ilikuwa na kitu cha kufurahia. Mwezi wa pili ulipokuwa unakwisha, kule kusini kukatulia. Wageni walianza kurudi kwao na wanyama wao waliobaki hai. Bibi wa kikwembe cha bluu alitaka kumwachia mama kondoo mmoja. Mama akakataa, akamwambia kwamba kule anakokwenda atakuta nyumba imechomwa na atahitaji kila mguu. Yule bibi alilia. Mimi nilisimama mlangoni nikifikiri kwamba machozi hayaliki.

Askari nao waliondoka wiki hiyo hiyo. Walipokuwa wanashuka na mizigo walipita kwetu wakachukua jike na mapacha wake, na yule mwingine, wanyama wote tuliokuwa tumebaki nao. Hawakuwa na haraka wala ukali.

Mvua ilirudi mwezi wa tatu, kwa nguvu, kama inavyorudi siku zote. Tulitoka kutazama. Kilima cha baba mdogo kilikuwa kijani baada ya mvua ya pili. Ndani ya uzio wa kaburi, pale mama alipokata juu juu, majani yalinyanyuka upesi hata nikashangaa. Mteremko wetu ulitoa maji. Udongo haukuwa na kitu cha kuushika tena, ukashuka mwekundu mpaka kwenye kijito, na mifereji ikachimbika pale ambapo zamani tulikuwa tukiteleza juu ya nyasi kwa kukalia maganda ya migomba. Hapa na pale shina lililokuwa limebaki lilitoa jani la njano. Kwingine kote kuliota magugu yenye majani machungu ambayo hata mbuzi hayagusi, na baadaye vichaka vya msituni, ile mimea inayopenda udongo uliochoka. Mama aliinama akaupekua udongo kwa vidole, kama yule bibi. Alisema kwamba kama mtu angeuacha miaka mitatu bila mnyama, ungerudi. Lakini hatukuwa na miaka mitatu. Hatukuwa na hata mnyama wa kuungojea.

Tulishuka Butembo na lori la viazi. Tulipata chumba mtaa wa Bulengera kwa mama mmoja wa kanisa, na mama akaanza kuuza viazi na vitunguu vya majani vilivyotoka kwetu, akiwauliza waletaji habari za mvua ya huko. Sikurudi shule. Nilishona, nikauza, nikaolewa Beni, nikarudi Butembo wakati Beni nayo ilipokuwa mahali pa kukimbiwa. Mama alizeeka katika kile chumba. Kondoo hakuwala tena. Walipopitishwa barabarani kwenda kuchinjwa alitazama midomo yao, na wakati mwingine alisema huyu ametoka kwenye nyasi nzuri, huyu hapana.

Baba mdogo aliutunza mteremko wetu. Ndilo neno alilolituma kwa wapitao njia: anautunza. Aliupanda mikaratusi ili kuzuia udongo, na kweli udongo ulisimama. Kwetu aliyepanda miti ndiye mwenye ardhi, kila mtu anajua, na mjane aliyeko mjini atakwenda kubishana na msitu kwa maneno gani? Nilipanda kule mara moja tu. Chini ya mikaratusi hakuna nyasi inayoota. Kaburi nililipata kwa shida, uzio ulikwisha kuoza, juu yake majani makavu tu.

Miaka ilipita, vita vilipewa majina mengine. Asubuhi moja lori lilisimama mbele ya nyumba yetu, limejaa mbao mpaka kamba zinalia, na baba mdogo akashuka kutoka kando ya dereva. Alikuwa amezeeka, anatembea na fimbo. Alikuwa anapeleka mbao Kasindi kwa wanunuzi wa Uganda na akaona si vizuri kupita mjini bila kumsalimu mke wa kaka yake. Mama alimpa kiti. Aliniagiza maji ya kunawa, akampakulia fufu na maharagi, akamwekea kipande cha samaki kilichokuwa cha kwake. Baba mdogo aliomba baraka ya chakula. Sauti ilikuwa bado nzuri. Alipokuwa anakula alieleza jinsi mikaratusi ilivyonyooka upande ule, kwa sababu ya unyevu wa kijito, alisema, na jinsi bei ya mbao ilivyo nzuri mpakani. Aliuliza afya ya dada zangu. Hakuuliza kitu kingine. Mama alimjibu yote, akamsindikiza mpaka kwenye lori, akasimama hapo mpaka lilipokata kona.

Nilimwuliza kwa nini hakumwambia neno hata moja, yeye aliyemwambia mbele ya wazee wote.

"Alisha nisikia," mama akasema. "Mara ya pili nitamwambia nini?"

Aliingia ndani, akafunga kikwembe vizuri, akachukua kikapu chake cha vitunguu, maana saa za soko zilikuwa zinapita. Mimi nilibaki kuosha sahani ya baba mdogo. Niliiosha muda mrefu, nikaitia mchanga, nikaisugua tena.